Parachuti ya Jeshi Kuingia Uraiani: Mwongozo Kamili kwa Mafundi na Warukaji wa Dar es Salaam

Kijana mmoja alinifuata Ukonga asubuhi, begi la kijani limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Parachuti. Ya jeshi kabisa hii, siyo za mchezo. Nataka unipatie cheti cha kiraia, kuna tamasha Coco Beach mwezi ujao."

Tuliitandaza juu ya mkeka. Mwavuli wenyewe ulikuwa mzuri, hauna hata tundu. Tulipofika kwenye mikanda ya mwilini nikanyamaza. Mkanda mkuu wa kushoto, ule unaoshuka kutoka begani hadi nyongani, ulikuwa umekatwa kwa kisu, kisha mtu akaushona tena kwa uzi mweusi wa viatu. Jeshi lililoiondoa ghalani liliukata makusudi ili asiruke nao mtu tena. Aliyemuuzia kijana aliona pengo, akaliziba, akapandisha bei.

Ombi lake si la ajabu. Naletewa mara kwa mara, na karibu kila anayelileta anaamini mambo mawili: kwamba kitu cha jeshi lazima kiwe bora kuliko cha raia, na kwamba kuna ofisi fulani ambako unapeleka begi, linapimwa, linagongwa muhuri, unaondoka nalo. Yote mawili si kweli. Nitaeleza kazi ilivyo, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye lebo hadi kwenye sili.

Hatua ya 1: Jua kwamba kibali hakipewi begi, kinapewa mtengenezaji

Kiwango cha kiraia kinachotajwa zaidi duniani kwa parachuti za watu ni TSO-C23 cha mamlaka ya anga ya Marekani, FAA. Kina matoleo kadhaa yanayotofautishwa kwa herufi: ya zamani utayakuta yameandikwa C23b au C23c, baadaye ikaja C23d, na C23f ikatoka mwaka 2012. Ulaya wana cha kwao kinachofanana nacho, ETSO-C23. Kiwango hiki kinahusu parachuti ya dharura, parachuti ya akiba, pamoja na mikanda na begi lake. Parachuti kuu, ile anayoitumia mrukaji kila siku, haimo.

Kibali cha TSO hupewa kiwanda kwa ajili ya muundo na utaratibu wake wa kutengeneza. Kiwanda kinaangusha madumu na vikaragosi vya uzito, kinapima, kinaandika, kinakaguliwa, ndipo kinaruhusiwa kushona lebo. Mimi fundi siwezi kuishona lebo hiyo baadaye, wala wewe mwenye mali huwezi. Anayekuahidi kwamba "ataipatia TSO" parachuti yako ya mtumba ni kanjanja, hata kama ana kompyuta na muhuri.

Basi ya jeshi inaingiaje uraiani? Kwa kadiri ya kanuni za Marekani, kuna milango mitatu.

Wa kwanza ni mlango wa namba. Sehemu ya 105 ya kanuni hizo inasema parachuti iliyoidhinishwa ni ile yenye TSO-C23, au parachuti ya jeshi la Marekani ya kubebea mtu inayotambulika kwa namba ya mchoro, namba ya oda au namba nyingine ya kijeshi ya aina yake. Imeondoa aina tatu: za mwinuko mkubwa, za mwendo mkubwa, na za viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege. Hapa parachuti haipimwi upya. Inakubaliwa kwa sababu ya maandishi yaliyo juu yake. Maandishi yakifutika, mlango umefungwa, hata kama kitambaa kinang'aa.

Wa pili ni pale kiwanda kilichoiuzia jeshi kinapotengeneza pia muundo huohuo chini ya TSO na kushona lebo ya kiraia. Hapo soma lebo, mambo yamekwisha.

Wa tatu ndio ninaoupendekeza zaidi, na watu huusahau. Kanuni hizo zinamtaka mrukaji awe na seti moja ya mikanda yenye parachuti mbili: kuu na akiba. Akiba lazima iwe imeidhinishwa, mikanda na begi lazima viwe vimeidhinishwa. Kuu hailazimiki kuwa na idhini. Kwa hiyo mwavuli mzuri wa jeshi unaweza kutumika kama kuu ndani ya mikanda ya kiraia yenye akiba ya kiraia, mradi vipimo vinakubaliana na mtengenezaji wa begi hajakataza. Fedha unaitumia kwenye akiba, panapostahili.

Na za Kirusi, D-5 na D-6? Ni parachuti imara, mwavuli wa mita za mraba 83 unaomshusha mtu kwa takriban mita 5 kwa sekunde. Lakini mlango wa namba unataja jeshi la Marekani tu. Kwa hizi kanuni ya Marekani inamruhusu mgeni kuruka na kifaa kilichokubaliwa na mamlaka ya anga ya nchi yake. Maana yake mpira unarudi kwetu, Banana, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Hatua ya 2: Soma lebo kabla hujagusa kitambaa

Chukua tochi na miwani. Lebo ya mwavuli mara nyingi imepigwa kwa wino kwenye kitambaa chenyewe, karibu na pindo la chini. Ya mikanda imeshonwa upande wa ndani, mgongoni. Ya begi iko ndani ya moja ya vifuniko. Hizo ni lebo tatu, na lazima uzisome zote, kwa sababu parachuti ya mtumba ni kama daladala ya zamani: injini ya huku, bodi ya kule.

Andika kwenye daftari jina la aina, namba ya mchoro au ya kijeshi, namba ya mkataba, namba ya kipekee, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na jina la kiwanda. Usiandike "haisomeki vizuri lakini inaonekana kama T-10", ile ya duara ya askari wa Marekani. Ama inasomeka, ama haisomeki.

Mtego mmoja umewanasa wengi. Vifaa vya majeshi ya Marekani na washirika wake vina namba ya ghala yenye tarakimu 13, na za parachuti huanza na 1670. Mtu akiona 1670 anashangilia. Lakini kundi hilo la 1670 linabeba pia parachuti za mizigo na hata mikanda ya kufungia shehena ndani ya ndege. G-12, kwa mfano, ni mwavuli wa futi 64 wa kudondoshea mzigo. Ni nailoni, ni ya kijani, na haikutengenezwa kumbeba binadamu. Kanuni inasema wazi: ya kubebea mtu.

Kisha tafuta kadi. Jeshi la Marekani hutumia kijitabu cha kumbukumbu, fomu namba 3912, ambacho hukaa kwenye mfuko mdogo wa begi. Kinaonyesha lini imekunjwa, lini imerukiwa, lini imetengenezwa. Parachuti isiyo na kadi nafsi yangu huiita yatima: si lazima iwe mbaya, ila hakuna wa kuisemea.

Angalia na umri. Jeshi halitupi mali bila sababu. T-10 za Marekani zilipewa miaka 12 ya matumizi, zikifika hapo ziliondolewa. FAA yenyewe haikuweka ukomo wa umri kwa nailoni, lakini viwanda vingi huweka wa kwao, na neno la kiwanda ndilo unalolifuata. Ukikuta parachuti ina miaka 25, usibishane nayo.

Hatua ya 3: Hakikisha ni mali halali

Hapa kwetu kitu cha jeshi si mchezo. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya jeshi, na wengi walijifunza siku hiyo kwamba koti tu linaweza kukupeleka pabaya. Begi lenye rangi na alama za jeshi lina uzito kuliko koti. Kwa hiyo: stakabadhi ya mauzo, barua ya kuonyesha limeondolewa kihalali kwenye ghala la jeshi lililokuwa nalo, na kibali cha kulisafirisha kutoka nchi hiyo. Parachuti zilizotengenezwa mahsusi kwa jeshi zimo kwenye orodha za kimataifa za vifaa vinavyodhibitiwa kusafirishwa, hata kama wewe unaziona ni kitambaa na kamba. Kama kitu kinadaiwa kutoka ghala la ndani ya nchi, usinunue kabisa, acha na uondoke.

Mtengenezaji akiwa hai, mwandikie barua pepe na namba ya kipekee. Wengi hujibu. Jibu lao liprinti, liweke kwenye faili.

Hatua ya 4: Waandikie TCAA kabla pesa haijatoka mfukoni

Makao makuu ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga yako Banana, Ukonga, kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Kitunda. Usiende na begi begani. Nenda na barua.

Kiambatisho namba 2 cha Mkataba wa Chicago, ambacho Tanzania inakifuata kama nchi mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinasema mtu haruki kwa parachuti, isipokuwa kwa dharura, ila kwa masharti ya mamlaka husika na kwa mawasiliano na waongoza ndege. Kwa Dar hilo ni jambo zito zaidi kuliko la parachuti yenyewe. Uwanja wa Julius Nyerere uko mjini, ndege zinashuka juu ya nyumba za watu, na Coco Beach haiko mbali kama unavyodhani ukiwa umekaa mchangani na mihogo yako.

Barua yako iwe na maswali, siyo maombi ya huruma. Andika hivi: nina parachuti aina fulani, namba fulani, ya mwaka fulani, nakusudia kuitumia kama kuu (au kama ya dharura ya rubani), akiba yangu ni aina fulani yenye TSO-C23, fundi atakayeikunja ana leseni ya nchi fulani. Naomba kuelekezwa kiwango gani kitakubalika na nyaraka gani zinatakiwa. Ambatisha picha za lebo zote tatu. Jibu la maandishi linakuokoa baadaye kuliko ahadi ya simu.

Hatua ya 5: Bandarini

Fupi: parachuti zina kifungu chao cha forodha, 88.04, pamoja na miavuli ya kupaa na vipuri. Wakala wako akiiandika "tents" au "nguo za mitumba" ili kupunguza ushuru, amekuharibia ushahidi wa asili ya mali, na wewe ndiye utakayeulizwa. Mwambie asiiache kontena siku nyingi juani. Joto la ndani ya bati halichomi nailoni, lakini linakausha mipira na kuozesha gundi za lebo.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua siku nzima.

Unahitaji meza ndefu. Kanuni ya Marekani kwa mafundi inataka meza laini yenye upana wa futi 3 na urefu wa futi 40 kwa miavuli ya duara, yaani karibu mita 1 kwa 12. Dar nani ana meza hiyo? Mimi hukodi ukumbi wa harusi katikati ya wiki. Meza wanazo, feni wanazo, dari iko juu ya kutosha kuuning'iniza mwavuli, na Jumanne hawana mteja. Funika meza kwa shuka safi. Vua saa, vua pete.

Ning'iniza mwavuli kwa kilele chake usiku mmoja na feni ikizunguka. Asubuhi unuse. Ndiyo, unuse. Nailoni safi haina harufu. Harufu ya uvundo ina maana ilikaa na unyevu. Harufu ya mafuta ya taa au ya betri ina maana nyingine kabisa, na ya betri ni kifo cha nailoni, kwa sababu asidi huila bila kuacha doa kubwa.

Sasa pitia kipande kwa kipande. Mwavuli wa duara umeshonwa kwa vipande virefu vinavyokwenda kutoka kileleni hadi pindoni, na kila kimoja kina sehemu ndogondogo. Vina namba. Anza na kile chenye lebo, kishike dhidi ya dirisha lenye mwanga, shuka nacho taratibu. Tundu dogo la sindano halisumbui. Sehemu iliyong'aa kama nailoni ya mfuko ni alama ya kuungua: kamba ilisuguana na kitambaa wakati wa kufunguka, ikakiyeyusha. Nailoni huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 250 na ushee, na msuguano wa sekunde moja unafika huko. Weka kipande cha karatasi ya gundi pembeni na uandike kwenye daftari.

Chumvi ni adui wa Dar. Parachuti iliyoloa maji ya bahari ikakauka hivyohivyo hubaki na punje za chumvi ndani ya nyuzi, na punje hizo hukata kama msasa kila inapokunjwa. Pitisha kidole kwenye pindo, kisha ulambe kidole. Mafundi wa vyuoni watacheka, lakini ulimi hauna gharama. Ikiwa na chumvi, inaloweshwa kwenye maji baridi yasiyo na sabuni, mara kadhaa, na kukaushwa kivulini. Jua usilionyeshe, nailoni iliyoachwa juani hupoteza nguvu haraka huku rangi ikibaki vilevile.

Kwenye baadhi ya miavuli ya akiba ya duara ya miaka ya 1980 kulikuwa na tatizo la wavu wenye asidi. Ule wavu wa kupitishia hewa ulikuwa umetiwa dawa iliyoozesha kitambaa cha jirani yake. Kipimo chake ni tone la kemikali ya bromokresoli kijani: ikibaki bluu hakuna asidi, ikigeuka njano ipo. Halafu kitambaa huvutwa kwa vibano maalumu kwa uzito uliowekwa na kiwanda, kuona kama kinashika au kinachanika. Usivute kwa mikono ukadhani umepima. Kama mwavuli wako una wavu na ni wa kipindi hicho, kipimo hiki hakiepukiki.

Kamba za mwavuli zihesabiwe, zipimwe urefu mbilimbili. Kamba ya kijeshi ya aina ya 3, ile ambayo sasa inauzwa hata Kariakoo kama bangili, inabeba ratili 550, karibu kilo 250, ikiwa mpya. Ipitishe yote mkononi ukifumba macho. Mkono unaona vifundo, sehemu ngumu na sehemu nyembamba kuliko jicho. Ukitilia shaka nguvu ya kitambaa au mkanda, kipande cha mfano chenye asili moja kinaweza kupelekwa kwenye maabara yenye mashine ya kuvutia nguo. TBS pale Ubungo wanazo maabara za nguo. Majibu ya maabara hayatakupa idhini ya kuruka; yatakupa namba ya kuamulia.

Mikanda ya mwilini isome kwa mishono. Kiwandani mishono inayobeba uzito hushonwa kwa mpangilio maalumu wenye idadi ya vipito, uzi wa rangi moja, mikunjo sawa. Ukiona uzi wa rangi tofauti, au matundu ya zamani pembeni ya mshono mpya, kuna mtu alipita hapo. Pengine ni fundi halali, naye atakuwa ameandika kwenye kadi. Pengine ni yule wa uzi wa viatu. Bizimu za chuma zitazame kwenye mikunjo: kutu ya juu hufutika, kutu yenye mashimo haifutiki.

Kisha pini na kamba ya kufungulia. Kwa kiwango cha kiraia, kamba hiyo na viungio vyake lazima vivumilie mvuto wa ratili 300 kwa sekunde 3 bila kukatika. Na nguvu ya kuivuta begi lifunguke haitakiwi kuzidi ratili 22, kama kilo 10, wala kupungua ratili 5. Hiyo ya pili unaipima na mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki Feri, baada ya kukunja. Ikizidi, mtu aliyeumia mkono hataifungua. Ikipungua, itajifungulia mlangoni mwa ndege.

Hatua ya 7: Uzito na mwendo

Parachuti nyingi za jeshi hazikataliwi kwa ubovu, zinakataliwa hapa. Mwanajeshi huruka kutoka kimo cha chini, ndege ikienda polepole kwa makusudi, parachuti inavutwa na kamba iliyofungwa ndani ya ndege, na anajua kila kitu kabla hajatoka mlangoni. Akiba ya kiraia inafunguliwa na mtu mwenye matatizo, akianguka kwa kasi asiyoijua. Maswali mawili tofauti, mitihani miwili tofauti.

Mtihani wa kiraia uko hivi. Kwa matoleo ya d na f, kiwanda kinaandika uzito na mwendo wa juu kabisa wa matumizi, kisha kinaijaribu parachuti kwa mara 1.2 ya vyote viwili. Kiwango cha chini cha mwendo ni noti 150, kwa hiyo jaribio ni noti 180, zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Ifunguke ndani ya sekunde 3 kwa mtu wa uzito wa kawaida. Ishuke isizidi futi 24 kwa sekunde, yaani mita 7.3. Matoleo ya zamani yalikuwa na madaraja; ukikuta lebo ya C23b yenye maneno ya mwendo mdogo, hiyo haikukusudiwa kwa ndege inayozidi maili 150 kwa saa.

Hizo mita 7.3 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Ni sawa na kuruka kutoka juu ya ukuta wa mita 2.7. Na kasi hupanda kwa kipeuo cha pili cha uzito: mwavuli unaomshusha mtu wa kilo 100 kwa mita 7.3 utamshusha wa kilo 120 kwa mita 8, ambayo ni ukuta wa mita 3.3. Jeshi la Marekani liliiacha T-10 ikaingia T-11 kwa sababu hiyohiyo: askari wamekuwa wazito kwa mizigo, na miguu haikubadilika. T-11 inashusha kwa takriban futi 19 kwa sekunde.

Kwa hiyo jipime na kila kitu: viatu, kofia, begi, parachuti zote mbili. Usipige hesabu ya uzito wako wa hospitali. Na ukipanga kwenda kuruka Dodoma, kumbuka mji ule uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, utashuka kwa kasi zaidi ya Dar kwa kama asilimia 5.

Hatua ya 8: Nani anaruhusiwa kurekebisha

Watu hupenda kuruka hatua hii kwa sababu Gerezani kuna mafundi wa maturubai wenye mashine nzito na mikono ya dhahabu. Siwadharau, wananizidi kushona. Lakini hawajui ni mshono gani unabeba mtu.

Kwa mfumo wa Marekani kuna fundi wa daraja la kwanza na fundi mkuu. Wa kwanza awe amekunja angalau parachuti 20 za aina anayoombea leseni, afanyiwe mtihani wa maandishi, wa mdomo na wa vitendo. Anaruhusiwa kukunja, kutunza na kufanya matengenezo madogo. Mkuu awe na uzoefu wa miaka 3 na angalau parachuti 100 kwa kila moja ya aina mbili. Huyo ndiye anayegusa mikanda inayobeba uzito. Kubadilisha muundo ni jambo jingine: hata mkuu anahitaji maelekezo ya mtengenezaji au kibali cha mamlaka. Aliyekuwa mkunjaji wa jeshi ana njia ya mkato ya kuingia, ila kanuni za kiraia lazima azifanyie mtihani. Mimi mwenyewe nilitoka kambini nikidhani najua yote, na mtihani ule ulinitia adabu.

Kwa mkanda uliokatwa kama wa kijana wetu, jibu ni moja: mikanda mipya ya kiraia. Hakuna kuunganisha.

Hatua ya 9: Kukunja, kadi na sili

Pata kitabu cha mtengenezaji cha aina hiyo hasa, siyo cha inayofanana nayo. Kunja akiba kwanza. Weka zana zako zote mezani zikiwa zimehesabiwa: vibano, kamba ya kuvutia, pini za muda, uzito wa kukandamizia. Ukimaliza, hesabu tena. Zikipungua, fungua begi lote. Nimewahi kufungua akiba niliyoikunja kwa saa 3 nikitafuta pini ya muda, nikaikuta kwenye mfuko wa shati langu. Sikujuta.

Jaza kadi: aina, mtengenezaji, namba ya kipekee, mwenye mali, kazi iliyofanywa, tarehe, mahali, sahihi na namba ya leseni. Nakala ibaki kwenye daftari lako angalau miaka 2. Halafu uzi mwekundu unaokatika kwa urahisi, na sili ya risasi yenye alama yako ya herufi tatu. Sili hiyo inasema jambo moja tu: tangu fulani alipofunga, hakuna aliyefungua.

Muda wake ni siku 180 kwa nailoni na nyuzi nyingine za viwandani. Kwa hariri na nyuzi za asili ni siku 60, ndiyo maana ukiletewa parachuti ya hariri ya enzi za vita, ipeleke makumbusho. Hesabu siku, usihesabu miezi: iliyokunjwa Januari 10 inaisha Julai 9, siyo Julai 10. Kwa Dar mimi hujipanga nikunje Januari au mwanzoni mwa Februari, halafu tena Julai. Machi hadi Mei masika yanaingia hata ndani ya ukumbi wa harusi, na mwavuli uliofungwa na unyevu wa Aprili utakaa nao hadi siku utakapovuta kamba.